Wa Kupakatwa

Kabla hujafungua mdomo, Thoya, gari lako limeshaniambia.
Springi ya nyuma kushoto imelala kama godoro la mgonjwa,
tairi limelamba bati, limeacha mstari mweusi unaong'aa.
Mimi ni fundi, si kadhi. Sitoi hukumu, natoa nati.
Lakini springi nimezisomea, na hii inasema tisa.
Tisa tena.

Mlangoni umeandika mwenyewe, kwa rangi nyeupe: ABIRIA WANNE.
Rangi nilikuuzia mimi, nusu kopo.
Wanne na dereva, watano. Ndivyo kisemavyo kitabu cha gari,
ndivyo isemavyo bima, kwa herufi za ukubwa wa chawa,
na wa sita akipanda, bima inashuka.
Inashuka palepale, bila kuaga.

Najua utakavyonijibu.
Petroli imepanda, tajiri ataka hesabu yake jioni,
mama mjamzito wa Gongoni nimwache juani?
Songeni, songeni, kila mtu ameze pumzi kidogo!
Kinachopimwa kwa mizani ni chumvi,
watu ni baraka.

Nami si malaika. Jumamosi ile ya posa, tukienda Marereni,
nilikuwa wa saba, ndani ya buti, magoti masikioni,
nimekumbatia jeki na sufuria ya biriani,
nikacheka na wenzangu pale daraja la Sabaki
askari alipoinama dirishani: "Mko wangapi?"
"Wanne, afande, na wa kupakatwa."
Mkono wako ukatoka umefumba,
ukarudi umefumbuka,
barabara ikawa nyeupe.

Wa kupakatwa. Neno tamu, la mama na mwana.
Mapajani mwa Kadzo alikaa Mwaringa, miaka minne,
mkanda mmoja umewazunguka wawili.
Hakuna aliyemwambia Kadzo
kwamba gari likisimama ghafla paja si kiti,
na mama, pamoja na mapenzi yake yote,
ni kilo sabini zinazokuja kwa kasi.

Tulipopita Mambrui ukakanyaga breki.
Mbuzi mmoja tu, mweupe, wala hakuguswa.
Ulikanyaga kwa watano,
gari likasimama kwa tisa:
likachelewa, likakwaruza, likaukuta mti wa mkwaju.
Hatukupinduka. Watu walisema, ajali ndogo.
Vioo vilinukia iliki.

Hospitali, Sista Mbodze alifungua daftari.
Jina. Umri. Umeumia wapi.
Nikaandikwa, ukaandikwa, Kadzo akaandikwa akilia,
kisha kalamu ikasita: "Na huyu?"
Nikausikia mdomo wangu mwenyewe:
"Huyo ni wa kupakatwa."
Alinitazama. Hakukasirika hata.
Akapiga mstari kwa rula, akaandika nambari tisa,
Mwaringa Chengo, mtulinga, mbavu mbili,
akampa kitanda kizima, cha peke yake,
kirefu, miguu yake haikufika hata nusu.
Sikuwahi kumwona na nafasi yake kabla ya siku ile.

Haya, shika hiyo jeki. Springi nitakuwekea mpya.
Ila usiniombe nichomeke raba ngumu katikati,
kama wafanyavyo wale wa kule sokoni,
ili gari lisimame juu hata likilemewa.
Mimi nataka lilale. Nataka liseme.

Mwaringa hupita hapa akitoka chekechea,
bega la kushoto limeshuka kidogo,
sijui kama wewe umeliona.
Husimama kwenye mlango wako, aguse ile rangi.
Bado anajifunza kuhesabu.
Hukunja vidole polepole, ulimi nje,
na kila mara, moja
ni yeye.